Tovuti ya burudani huzaliwa ikimkimbia mwenye tangazo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu vijana wanaoanzisha tovuti za habari za burudani. Mwandishi wenu alieleza kwa shauku kwamba siku hizi mtu hahitaji zaidi ya simu, bando la intaneti na wepesi wa kuwatangulia wenzake, na kwamba hata tovuti kubwa za Marekani zilianza hivyo hivyo. Sina ugomvi na shauku hiyo, wala sina nia ya kumvunja moyo kijana yeyote. Ninachopinga ni historia aliyoiegemea, kwa sababu tovuti aliyoitolea mfano, Deadline ya Hollywood, ilipitia njia iliyo karibu kinyume cha alichodai, na anayeifuatilia kwa makini ataona jambo ambalo hata ukurasa wenu wa burudani unalihitaji.

Jambo lenyewe ni hili: vyombo vingi vya habari za burudani vilivyopata jina vilianzishwa na mtu aliyekuwa akimkimbia mwenye tangazo, na kadiri vilivyokua ndivyo vilivyorudi mikononi mwake. Wepesi wa kutoa habari una nafasi yake katika kisa hiki, lakini ni nafasi ndogo kuliko inavyosemwa.

Kisa hakikuanza na intaneti. Mwaka 1905 Sime Silverman, mhakiki wa maonyesho ya jukwaani katika gazeti la Morning Telegraph la New York, aliandika tahakiki kali juu ya onyesho la wachekeshaji waliokuwa wamelipia tangazo katika gazeti hilo hilo. Kati ya mhakiki na mwenye tangazo, gazeti likamchagua mwenye tangazo, na Silverman akafukuzwa kazi. Mwezi Desemba mwaka huo huo akaanzisha gazeti lake la kila wiki, Variety, kwa fedha ambazo sehemu yake alikopeshwa na baba mkwe wake, akiahidi kwamba humo tahakiki hazitamwogopa mtu. Mwaka 1930 William Wilkerson akaanzisha The Hollywood Reporter huko Los Angeles, likiwa gazeti la kila siku la watu wa filamu, na mwaka 1933 Variety nayo ikatoa toleo lake la kila siku la Hollywood. Kwa zaidi ya miaka 70 iliyofuata, mtu wa fani hiyo alianza asubuhi yake na mojawapo ya magazeti hayo mawili, au yote mawili.

Sasa tutazame yalilipiwa na akina nani. Magazeti hayo hayakutegemea mpenzi wa filamu anayekata tiketi dirishani. Yaliandikwa kwa ajili ya watayarishaji, mawakala, wanasheria, waongozaji na wakuu wa studio, na wateja wake wakubwa wa matangazo walikuwa hao hao waliokuwa wakiandikwa humo. Jambo hili huonekana wazi zaidi wakati wa tuzo za Oscar. Studio inayotaka filamu yake ipigiwe kura hununua kurasa nzima, pamoja na jalada ikiwezekana, kuwaomba wapiga kura waifikirie. Kwa kuwa wapiga kura ni maelfu machache tu ya watu wa fani, hakuna mahali pa kuwapata kwa urahisi kuliko katika gazeti wanalolisoma kila siku. Hivyo gazeti la aina hii hupata mapato yake mazuri zaidi katika miezi ile ile ambayo msomaji anahitaji sana kuambiwa ukweli kuhusu filamu zinazoshindana.

Matokeo yake yalijitokeza hadharani zaidi ya karne moja baada ya Silverman kufukuzwa. Mtayarishaji mmoja wa filamu iitwayo Iron Cross aliishtaki Variety mwaka 2010. Alidai kwamba aliingia nayo mkataba wa kampeni ya tuzo wenye thamani ya dola 400,000, kisha gazeti hilo hilo likachapa tahakiki iliyoiponda filamu yake. Alipolalamika, tahakiki hiyo ikatoweka kwa muda katika tovuti ya gazeti. Mahakama iliitupa kesi hiyo kwa misingi ya uhuru wa maoni, na nadhani ilifanya haki, kwa sababu aliyenunua tangazo hakununua na tahakiki. Lakini tafadhali, Mhariri, izingatie ile hatua ya tahakiki kutoweka. Gazeti lililoanzishwa na mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya tangazo lilifika mahali pa kuondoa tahakiki kwa sababu ya tangazo, na yeyote aliyewahi kufanya kazi chumba cha habari anajua kwamba uamuzi wa namna hiyo hauhitaji kikao, kwani simu moja kutoka idara ya matangazo inatosha.

Hapo ndipo anapoingia Nikki Finke, mwanzilishi wa Deadline, ambaye makala yenu ilimtaja kwa mistari miwili tu, na katika mistari hiyo miwili ikamfanya aonekane kama mtu aliyebahatika.

Finke alizaliwa mwaka 1953 katika familia yenye uwezo, akasoma katika chuo cha Wellesley, kisha akawa mwandishi wa shirika la habari la Associated Press, ambalo lilimpeleka Moscow na London. Baadaye alifanya kazi Newsweek na Los Angeles Times, miongoni mwa vyombo vingine, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa akiiandikia New York Post habari za biashara ya burudani. Mwaka 2002 aliandika kuhusu kesi ya mrabaha wa Winnie the Pooh, yule dubu wa hadithi za watoto, iliyokuwa ikiikabili kampuni ya Disney, na kuhusu madai kwamba nyaraka zilizohusiana na kesi hiyo ziliharibiwa. Akafukuzwa kazi. Alikwenda mahakamani akidai kwamba malalamiko ya Disney ndiyo yaliyomponza. Msomaji ataona jinsi kisa hiki kinavyolingana na kile cha Silverman, isipokuwa kwamba mara hii mlalamikaji hakuwa kikundi cha wachekeshaji bali mojawapo ya kampuni kubwa za burudani duniani.

Mwaka huo huo alipata safu katika LA Weekly, gazeti la kila wiki linalogawiwa bure, na safu hiyo ikaitwa Deadline Hollywood. Gazeti la kila wiki lilikuwa na kasoro moja kwa mtu wa aina yake: habari aliyoipata Ijumaa ilikuwa imeshachacha kufikia siku ya kuchapwa. Kwa hiyo Machi 2006 akaifungulia safu yake tovuti, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba jina la tovuti hiyo lilimgharimu dola 14 na senti kadhaa.

Dola hizo 14 ndizo zinazopendwa na kila anayesimulia kisa hiki, na makala yenu haikuwa tofauti. Ni kweli tovuti ilikuwa rahisi kufungua. Lakini aliyeifungua alikuwa na umri wa miaka 52, na uandishi wa zaidi ya miaka 25 nyuma yake. Alikuwa na namba za simu za mawakala na wakuu wa studio ambao wengi wao aliwajua tangu wakiwa wasaidizi wa ofisi, na alijua kusoma mkataba na hati ya mahakama. Alifanya kazi nyumbani kwake, hakuonekana kwenye tafrija wala mazulia mekundu, picha yake iliyojulikana na watu ilikuwa karibu moja tu, na siku nzima na sehemu kubwa ya usiku aliitumia kwenye simu, akibembeleza, akikaripia, na mara nyingine akitisha. Mtu aliyekuwa na habari alijua kwamba asipompigia Finke, hasimu wake atampigia, na kesho yake atajisoma upande usiompendeza. Sisemi kwamba ni tabia ya kuigwa. Alikuwa mkali kupita kiasi, alikuwa na watu aliowapendelea na aliowachukia, na wapo waliolalamika kwamba habari zilizogeuka kuwa si kweli alizirekebisha kimya kimya. Ninachosema ni kwamba mtaji ulikuwa pale, katika miaka ile na simu zile, na mtaji huo hauuzwi kwa dola 14.

Kingine kilichomkuza kilitoka nje ya uwezo wake. Tarehe 5 Novemba 2007 waandishi wa filamu na televisheni wapatao 12,000 waligoma, na mgomo ukaendelea hadi tarehe 12 Februari 2008, siku 100 kamili. Walikuwa wakidai mgawo wao katika mauzo ya DVD na, zaidi, katika mapato yatakayotokana na intaneti, ambayo wakati ule studio zilidai kuwa ni mapema mno kuyajadili. Kwa siku hizo 100 mji mzima uliokuwa ukiishi kwa filamu ulikuwa na swali moja tu kila baada ya saa: mazungumzo yamefika wapi? Muungano wa studio ulikuwa ukinunua matangazo ya magazetini kueleza upande wake, na waandishi waliogoma hawakuwa na sababu ya kuyaamini magazeti ya fani yaliyotegemea fedha za waajiri wao. Wakaenda kwa Finke, ambaye hakuficha kwamba alikuwa na huruma nao. Kilichomweka juu, hata hivyo, ni kwamba mawakala na wakuu wa studio nao walikwenda kwake, kwanza kujua waandishi wanafikiri nini, kisha kumpigia simu ili na wao wasikike. Mgomo wa kugombania fedha za intaneti ukawa ndio uliothibitisha kwamba intaneti inaweza kuchukua nafasi ya gazeti la fani.

Hapa wepesi ulihesabika, nakiri. Taarifa za saa kwa saa zisingewezekana kwenye karatasi. Lakini tovuti nyingine nyingi zilikuwepo, nazo zilikuwa nyepesi vile vile, na hazikusomwa na wakuu wa studio kabla hawajapiga mswaki. Finke alisomwa kwa sababu alipiga simu ambazo wengine hawakuweza kupiga, na kwa sababu wakati huo hapakuwa na mwenye tangazo ambaye angeweza kumwambia anyamaze.

Juni 2009 akaiuza tovuti hiyo kwa kampuni ya Mail.com Media, ambayo baadaye ilijiita Penske Media, ya kijana Jay Penske, mtoto wa tajiri wa mbio za magari Roger Penske. Sehemu hii ya pili ya kisa husimuliwa haraka haraka kama vile ni ushindi mtupu, na kwa muda ilikuwa ushindi kweli. Mwaka 2010 Deadline ilimchukua Mike Fleming kutoka Variety na Nellie Andreeva kutoka The Hollywood Reporter, yaani waandishi wawili wazito kutoka katika magazeti mawili yaliyokuwa yakiidharau. Kabla mwaka huo haujaisha, The Hollywood Reporter likaacha mtindo wake wa zamani wa gazeti la kila siku na kujigeuza jarida la kila wiki lenye picha za kupendeza. Variety ilikuwa imejaribu kuwatoza wasomaji wa tovuti yake, na wasomaji wengi wakaona hakuna haja ya kulipia kwa Variety wanachokipata bure kwa Finke. Oktoba 2012 Penske akainunua Variety yenyewe kwa dola zipatazo milioni 25. Machi 2013 toleo la kila siku la Variety lililochapwa tangu 1933 likakoma, na tovuti yake ikafunguliwa bure kwa kila mtu.

Tovuti iliyoanzishwa kwa bei ya chakula cha mchana ikawa ndugu wa gazeti la Silverman chini ya mmiliki mmoja. Ungedhani mwanzilishi alifurahi. Novemba 2013, baada ya miezi ya kurushiana maneno hadharani na mwajiri wake, Finke aliondoka Deadline. Akajaribu kufungua tovuti nyingine mwaka uliofuata, na baada ya mvutano kuhusu mkataba uliomzuia kuandika habari za fani hiyo, mwaka 2015 akaishia kufungua tovuti ya hadithi za kubuni kuhusu Hollywood. Mwanamke aliyeogopwa na kila studio kwa sababu ya habari za kweli alibakiwa na ruhusa ya kubuni. Alifariki dunia Oktoba 2022, akiwa na umri wa miaka 68.

Makala yenu iliishia kwenye mauzo ya 2009, kana kwamba kuuzwa ndiko kufika. Kwangu mimi yaliyofuata ndiyo yenye uzito. Mwaka 2020 kampuni ya Penske iliungana na kampuni nyingine katika ubia ulioiweka The Hollywood Reporter pia chini ya uendeshaji wake, pamoja na Billboard ya muziki, wakati jarida la Rolling Stone lilikuwa tayari mikononi mwake. Hivyo Variety, The Hollywood Reporter na Deadline, majina matatu ambayo yaliwahi kuviziana na hata kufikishana mahakamani, yakawa chini ya paa moja. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikaipata Dick Clark Productions, kampuni ya kutengeneza vipindi vya televisheni, na katikati ya mwaka huo Dick Clark Productions pamoja na mshirika wake wakachukua tuzo za filamu na televisheni za Golden Globes. Sasa chukua filamu moja inayowania tuzo: nyumba inayoihakiki, nyumba inayouza kurasa za kuiombea kura, nyumba inayoandaa mikutano ya kuitangaza mbele ya wapiga kura, na nyumba yenye hisa katika tuzo yenyewe, kwa sehemu kubwa ni nyumba moja. Si lazima mtu yeyote humo ndani awe mwovu. Ninaamini wengi wao ni waandishi waaminifu. Lakini Finke wa mwaka 2006 angekuwa na mengi ya kuandika kuhusu mpangilio huo, na sijui leo angeyachapa wapi.

Ili nisionekane ninapendelea upande mmoja, nitaje jambo linalopingana na hoja yangu. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni waligoma tena, safari hii kwa siku 148, na mwezi Julai Deadline hiyo hiyo, chini ya mmiliki huyo huyo, ilichapa maneno ya mkuu mmoja wa studio ambaye hakutajwa jina, kwamba mkakati ulikuwa kuuacha mgomo uburuzwe mpaka waandishi waanze kupoteza nyumba zao. Studio ziliaibika, muungano wao ukajitenga na kauli hiyo, na waandishi wakaichukua kama silaha kwenye mistari ya mgomo. Kwa hiyo roho ya mwanzilishi haikufa kwa kusainiwa mkataba mmoja. Ila naona kwamba habari ile ilitoka kwa waandishi wa habari waliokaa kwenye fani hiyo hiyo kwa miaka mingi, wenye vyanzo vinavyowaamini. Kwa maneno mengine, kilichobaki cha Finke katika tovuti ile ni kile kile kilichoianzisha, na wepesi wa kidole ni sehemu ndogo tu yake.

Mwandishi wenu aliitaja pia TMZ, tovuti ya habari za watu mashuhuri, akaiweka kapu moja na Deadline. Hazifanani. TMZ ilianzishwa Novemba 2005 na kampuni mbili kubwa, AOL na Telepictures ya Warner, ikiongozwa na mwanasheria Harvey Levin aliyekuwa na uzoefu wa televisheni. Ilikuwa na fedha tangu siku ya kwanza, ikiwa ni pamoja na fedha za kulipia picha na fununu. Wepesi wake ndio uliolifanya jina lake lijulikane dunia nzima, Juni 2009, ilipokuwa ya kwanza kutangaza kifo cha Michael Jackson wakati vyombo vikubwa bado vikisubiri uthibitisho. Wepesi huo huo ndio uliofanya polisi wa Los Angeles County waikemee hadharani Januari 2020, ilipotangaza kifo cha nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant kabla familia za waliokuwa katika helikopta hazijaarifiwa zote. Kijana anayetaka kuiga TMZ anatakiwa aambiwe kwamba kwanza anahitaji mfuko na wanasheria, kisha ajiulize kama anataka kuwa mtu anayempa mke habari ya kifo cha mume wake.

Pengine, Mhariri, unajiuliza kwa nini nimekuchosha na mambo ya Hollywood. Ni kwa sababu nimewahi kukaa dawati la burudani, katika gazeti ambalo si lenu, na jambo hili nimeliona kwa karibu. Jioni moja mtu wa idara ya matangazo alikuja na ukurasa uliokwisha kupangwa, tahakiki ya tamasha imezungushiwa wino mwekundu, na kuulizia kwa upole kama ukali wake hauwezi kupunguzwa, maana mwandaaji wa tamasha hilo amenunua nusu ukurasa upande wa pili na ameahidi kuendelea. Hakutoa amri. Kaka mkubwa wa dawati alishika kalamu, akafuta aya iliyosema kwamba msanii alichelewa kupanda jukwaani na kuimba juu ya sauti iliyorekodiwa, akaacha aya iliyosifu taa. Kijana aliyeiandika alisimama pembeni bila kusema neno. Kilichonishangaza si ile aya iliyofutwa, bali tahakiki zake zilizofuata: zilifika mezani zikiwa zimeshalainika zenyewe, na mtu wa matangazo hakulazimika kuja tena. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nasi tulikuwa tukiulamba tukiamini kuwa tunahariri.

Tovuti ndogo iliyofunguliwa jana na kijana mmoja haina idara ya matangazo, na kwa hiyo inaweza kusema kwamba msanii aliimba juu ya sauti iliyorekodiwa. Ndiyo sababu watu huisoma. Inapopata wasomaji, mwandaaji humwalika kijana huyo bure, humkalisha mbele, humpa safari, humwita mdogo wangu, kisha humletea tangazo la kwanza, na tangazo hilo ndilo linalolipia kompyuta ya pili na mwandishi wa pili. Sioni njia nyingine rahisi ya kukua, wala simlaumu anayeipita. Ninacholalamikia ni makala zinazomwambia kijana huyo kwamba kazi yake ngumu ni kuwahi, wakati kazi yake ngumu ni kujua atamjibu nini mtu huyo anayemwita mdogo wangu atakapopiga simu kwa mara ya kwanza kuhusu habari asiyoipenda.

Kwa hiyo nina ombi, na halihitaji fedha nyingi. Mnapoandika tena kuhusu tovuti ya burudani iliyofanikiwa, msiishie kwenye idadi ya watu wanaoitembelea na mwaka iliofunguliwa. Ulizeni inalipwa na nani, ni asilimia ngapi ya matangazo yake inatoka kwa watu inaowaandika, nani anamiliki hisa, na kama mwandishi wake aliwahi kuandika jambo lililomfanya mteja aondoke. Maswali hayo yakikataliwa kujibiwa, andikeni kwamba yamekataliwa, maana hiyo nayo ni habari. Na katika ukurasa wenu wenyewe, mwacheni mwandishi mmoja akae na filamu au muziki kwa miaka, badala ya kumhamishia michezo mara tu anapoanza kupokewa simu na watu wenye habari. Makala iliyolipiwa iandikwe kuwa imelipiwa, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Safari iliyogharamiwa na promota itajwe kuwa iligharamiwa na promota.

Mnaweza kuanza hata wiki hii, kwa mstari mmoja chini ya kila tahakiki ya tamasha au filamu unaosema tiketi ya mwandishi ilitolewa na nani. Ikiwa gazeti limeinunua lenyewe, semeni hivyo, nasi tutaisoma tahakiki hiyo tukijua hivyo.

Wako katika ujenzi wa habari,

Msomaji wa siku nyingi